Historia ya kutundika kwa saloni: matablo ya Waingereza na watu wenye waliyanunua

Ndugu na dada wa chama, leo muhogo na mahindi vitanisamehe. Nimezoea kuwaandikia hapa juu ya udongo, mbegu na bei ya mbolea, lakini kuko jambo moja lenye limenikaa kichwani kwa muda mrefu, nalo ni la picha. Nataka tuongee juu ya matablo ya historia yenye Waingereza walichora wakati wa Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901, na juu ya watu wenye waliyanunua: wenye viwanda vya nguo, vya bia, vya sukari, vya dawa, vya sabuni. Mutu ataniuliza: enjenieri wa kilimo anatafuta nini huko? Ninajibu mapema. Nyuma ya kila kiwanda kuko shamba, na shamba moja kati ya hayo lilikuwa kwetu. Tutafika.

Niseme pia kama Liverpool na London sijakanyaga. Matablo haya nimeyatazama kwa simu, kwa sababu majumba yenye kuyatunza yameweka picha zake wazi kwa kila mutu. Ukubwa wake na rangi yake ya kweli vinanipita. Lakini habari yenye inaonyeshwa, namna watu wamepangwa, nani anatazama nani, hayo yote yanaonekana vizuri. Na wale waliotoa makuta yao, habari ndiyo waliipenda kwanza.

Tuanze na hali ya mbele yao. Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London kilianzishwa mwaka 1768, na rais wake wa kwanza, Joshua Reynolds, alifundisha kama mchoraji mwenye cheo cha juu kabisa ni yule wa historia. Historia, kwa fundisho hilo, ilikuwa mambo makubwa: Biblia, Roma, Ugiriki, vita, kifo cha shujaa, na yote kwa kitambaa kikubwa cha kufunika ukuta mzima. Shida ni moja tu. Nani atakinunua? Ufaransa kulikuwa serikali. Uingereza, kanisa la Kiprotestanti halikutaka picha nyingi, na serikali haikufungua mfuko.

Benjamin Robert Haydon aliamini fundisho hilo maisha yake yote. Alichora watu wakubwa kama milango, akaingia deni, akafungwa juu ya deni zaidi ya mara moja. Bunge lilipoungua mwaka 1834 na jengo jipya likajengwa, serikali ilifanya mashindano ya kupamba kuta zake, na michoro ikaonyeshwa kwa watu mwaka 1843. Haydon aliomba, hakupata kitu. Mwaka 1846 akapanga jumba moja la London, Egyptian Hall, aonyeshe tablo zake mbili kubwa za Ugiriki na Roma. Ndani ya jumba lile lile alikuwa Tom Thumb, Mmarekani mfupi sana mwenye watu walilipa kumtazama. Haydon aliandika katika daftari lake kama wiki moja Tom Thumb alipata watu 12,000, naye akapata 133 na nusu, na ile nusu alikuwa mtoto wa kike. Mwezi wa sita wa mwaka huo alijiua.

Watu wengi wakisimulia habari ya Haydon wanasema: unaona, watu wa kati hawakuwa na akili ya sanaa. Mimi sikubali haraka hivyo. Watu hao walinunua matablo kwa wingi, na walilipa bei kubwa. Tuangalie ni akina nani. Robert Vernon alitajirika kwa kuuzia jeshi farasi wakati wa vita na Napoleon. Mwaka 1847 aliachia taifa matablo zaidi ya 150. John Sheepshanks alitoka kwa familia ya nguo za sufu huko Leeds. Mwaka 1857 alitoa matablo 233. Thomas Holloway aliuza vidonge na marhamu yenye aliitangaza kwa magazeti ya dunia nzima. Kati ya 1881 na 1883 alinunua matablo 77 juu ya chuo cha wasichana chenye alikuwa anajenga. Henry Tate alikuwa na kiwanda cha sukari; jumba lenye jina lake lilifunguliwa London mwaka 1897.

Hawa hawakukulia ndani ya majumba ya wafalme. Wengi hawakusoma Kilatini. Mutu wa namna hiyo akisimama mbele ya shujaa wa Kigiriki aliye uchi, hamjui, na hana mahali pa kumuweka. Ukuta wake ni ukuta wa saloni, kuna kiti, piano, watoto wanapita. Anataka tablo yenye ataelewa mwenyewe, bila mwalimu, na yenye ataweza kumuelezea mgeni baada ya chakula. Tena, kama mfanyabiashara, anataka kuona kazi yenye amelipia: velveti ionekane velveti, kidole kiwe kidole. Mimi naona hayo ni madai ya haki. Mkulima naye anafungua gunia la mbegu mbele ya kulipa.

Soko nalo lilijipanga. Chama kimoja cha London kilichoanza mwaka 1837, Art Union, kilipokea gini moja kwa mwaka kwa kila mwanachama, yaani pauni moja na shilingi moja. Mwanachama alipata picha moja ya kuchapishwa, na jina lake likaingia ndani ya bahati nasibu ya kushinda zawadi ya kununulia tablo. Wafanyabiashara wa picha waligundua kama tablo moja inaweza kuvunwa mara tatu: unaonyesha watu kwa kiingilio cha shilingi, unauza nakala za kuchapa, kisha unauza kitambaa chenyewe. Mwaka 1860 Ernest Gambart alimlipa William Holman Hunt gini 5,500 juu ya tablo ya Yesu mtoto akipatikana hekaluni, pamoja na haki ya kuichapisha. Kwa hesabu ya namna hiyo, tablo yenye inapendwa na familia elfu kumi ina thamani kuliko tablo yenye inaheshimiwa na profesa kumi.

Basi historia ikapunguzwa kimo ili ipite kwa mlango wa saloni. Swali langu la uhakiki ni hili: kupita kwa mlango huo, iliacha nini nje?

Tuchukue tablo yenye naona ni bora kati ya hizo. William Frederick Yeames aliichora mwaka 1878, na kichwa chake ni swali: mara ya mwisho ulimuona baba yako lini? Jumba la Walker la Liverpool, lililojengwa kwa makuta ya mwenye kiwanda cha bia na kufunguliwa mwaka 1877, liliinunua mwaka ule ule. Ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, karne ya 17, mfalme na bunge. Askari wa bunge wameingia nyumba ya mutu wa mfalme. Baba amejificha. Kijana mdogo wa nguo za buluu amesimamishwa juu ya kibao mbele ya meza, na wakubwa wanamuuliza. Nyuma yake dada yake analia, akingoja zamu yake. Mama amesimama mbali, hawezi kufanya kitu.

Sisi wa mashariki ya Congo hatuhitaji mwalimu kuelewa tablo hii. Mtoto aliyefundishwa kusema ukweli anaulizwa swali lenye ukweli wake utamuua baba. Yeames alisema wazo lilimjia kwa kumtazama mtoto wa ndugu yake aliyekuwa mkweli sana. Na angalieni namna alivyopanga: yule mwenye kuuliza hana sura ya mnyama, ameinama kidogo, anauliza kwa upole. Upole huo njo unatisha. Jibu halijatoka. Miaka zaidi ya 140 kijana yuko pale, mdomo haujafunguka. Haydon, na mashujaa wake wote, hakupata kitu cha nguvu namna hiyo. Kwa hiyo, mwenye kusema ladha ya watu wa kati ilizaa takataka tu, amtazame kwanza huyu mtoto.

Lakini tuendelee kutazama. Ile vita ilikuwa juu ya nini? Tablo haisemi. Kodi, kanisa, mamlaka ya mfalme, vyote vimetoka nje ya chumba. Liverpool ya 1878 ilikuwa muji wa wafanyabiashara, watu wa bunge kwa asili. Kwa siasa, walikuwa wajukuu wa wale walioketi kwa meza. Tablo inawaondoa huko na kuwaweka upande wa mtoto wa mkubwa, wamuonee huruma. Mnunuzi anatoka akiwa amelia kidogo, na hana hatia yoyote.

John Everett Millais alifanya hivyo hivyo mwaka ule ule wa 1878, lakini kwa urahisi zaidi. Wana wawili wa mfalme, waliopotea ndani ya ngome ya London mwaka 1483, wamesimama chini ya ngazi, nguo nyeusi, nywele za dhahabu, wameshikana mikono. Mukubwa alikuwa na miaka 12. Mkono wa Millais ni mkono wa fundi, hakuna mtu atabisha. Lakini tablo hii inaniomba machozi kabla haijanipa sababu. Kwa Yeames mtoto ana jambo la kuamua. Kwa Millais watoto wana uzuri tu, na giza nyuma yao. Ukiondoa kichwa cha habari, unabaki na vijana wawili wazuri wenye baridi. Holloway aliinunua juu ya chuo chake.

Holloway huyo huyo, mwaka 1882, alilipa pauni 6,615 juu ya tablo ya Edwin Long ya mwaka 1875, soko la kuoza wasichana huko Babeli. Ilikuwa bei kubwa sana, bei ya kushinda zote kwa mchoraji aliye hai wakati ule katika mnada. Habari imetoka kwa Herodoto: wasichana wanauzwa mmoja mmoja, kuanzia mzuri zaidi, na makuta ya wazuri inakuwa mahari ya wale wasio na sura. Wamekaa kwa mstari mbele yetu, wakingoja, na yule anayeuzwa ametupa mgongo. Wanaume wanatazama bei. Na tablo hii ikaenda kuishi ndani ya chuo cha wasichana! Naipa Long sifa moja: nyuso za wanunuzi wa Babeli ni nyuso za watu wa mnada wa London. Mnunuzi aliona kioo, akalipia, akakitundika. Sijui kama alicheka, lakini tablo inacheka. Ni mahali pamoja kati ya haya yote penye mnunuzi anaingia ndani ya picha.

Sasa tufike kwa yule mwenye anatuhusu. William Lever, mwana wa mwenye duka la vyakula wa Bolton, alitajirika kwa sabuni ya Sunlight. Mwaka 1889 alinunua tablo ya William Powell Frith ya msichana mdogo anayeonyesha nguo yake mpya nyeupe, akaifanya tangazo la sabuni. Frith alilalamika. Lakini baadaye Lever alianza kununua kwa mapenzi, na mwaka 1922 alifungua jumba la sanaa kwa kumbukumbu ya mke wake, ndani ya kijiji cha wafanyakazi wake, Port Sunlight. Humo kuko Millais, Hunt, Leighton, Burne-Jones.

Sabuni inatengenezwa kwa mafuta na soda kali. Mafuta ya Lever yalihitaji mashamba, na mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa haki juu ya maeneo makubwa sana ya michikichi katika nchi yetu. Kampuni yake iliitwa Huileries du Congo Belge, na Lusanga, huko Kwilu, ikabadilishwa jina kuwa Leverville. Tusichanganye tarehe: matablo mengi aliyanunua mbele ya 1911, na siwezi kusema tablo fulani ililipwa na mawese fulani. Lakini wakati watu wa Port Sunlight walikuwa wanaingia jumba jipya la 1922, wakataji wa Kwilu walikuwa juu ya michikichi.

Hapa niruhusiwe kuongea kama mutu wa kilimo. Mchikichi wa porini ni mrefu. Mkataji anapanda kwa mukanda wa kamba ya porini kiunoni, panga mkononi, kichane cha miiba juu ya kichwa chake. Kikikatwa, hakiwezi kungoja: tunda likichelewa, asidi inapanda, mafuta yanaharibika, kwa hiyo lazima lifike kiwandani haraka, na wakati ule lilifika kwa kichwa cha mtu. Kazi hiyo watu hawakuitafuta kwa makuta ndogo yenye ilitolewa. Walisukumwa kwa kodi, kwa machifu, kwa fimbo. Mwaka 1931, bei na mishahara viliposhushwa na kodi ikabaki, Wapende waliasi, na wengi waliuawa na jeshi la ukoloni. Hayo yameandikwa na wanahistoria.

Turudi ndani ya jumba. Tablo moja maarufu humo ni ya Millais ya mwaka 1860: askari wa Brunswick, nguo nyeusi, anafungua mlango aende vitani mwaka 1815, na mchumba wake, gauni la satini linang'aa, anausukuma mlango usifunguke. Mbwa mdogo yuko miguuni. Kwa ukuta imetundikwa picha ya Napoleon. Tunajua kama wengi wa kikosi kile walikufa. Ni tablo ya akili: vita vyote vimekuwa mlango mmoja na mikono miwili inayopingana. Ile satini naamini ingemfurahisha mwenye sabuni yeyote. Ndani ya jumba hilo kuko pia tablo yake ya 1884 juu ya vita vya Scotland vya 1745: wasichana watatu wa kijijini wanasikiliza kijana wa jeshi akipiga filimbi. Vita vile viliisha kwa mauaji. Hapa vimebaki na filimbi.

Nimehesabu kwa matablo hayo yote, Yeames, Millais, Long, na nimepata jambo moja. Hakuna mutu anayefanya kazi ndani yake. Kuna wenye kungoja, kulia, kuaga, kusikiliza. Wanunuzi walikuwa watu wa kazi, walijivunia kazi, lakini historia yenye walitundika haina jasho. Nilitafuta yenye kunipinga, nikampata Ford Madox Brown, aliyechora kuta 12 za ukumbi wa muji wa Manchester kati ya 1879 na 1893. Huko kuko wafumaji, kuko wavumbuzi, kazi imeingia historia kwa mlango wa mbele. Lakini tazama ukuta wa John Kay, aliyevumbua chombo cha kufuma haraka: yeye anabusu mke wake wakati anafichwa ndani ya shuka atoroshwe, na wafumaji wenye hofu ya kupoteza kazi ni fujo ya dirishani. Na mauaji ya Peterloo, watu waliouawa na askari wa farasi mwaka 1819 ndani ya Manchester yenyewe wakidai kura, hayako kwa kuta zile 12.

Ladha hii ilikuwa na akili na moyo. Kasoro yake iko kwa kuchagua uchungu. Ilichagua uchungu wa mbali, wa mtoto wa mkubwa, wenye hauna mdai.

Na saloni ya watu wa kati haikulazimika kufanya hivyo. Ninao ushahidi wa kwetu. Katika miaka ya 1970, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wafanyakazi wa migodi na makarani wadogo walinunua matablo kwa saloni zao, yaliyochorwa mara nyingi kwa kitambaa cha gunia la unga. Walikuwa na neno la Kiswahili kwa matablo hayo: ukumbusho. Moja iliyorudiwa sana iliitwa Colonie belge: gereza, bendera, askari anayepiga fimbo mutu aliyelala chini, wanawake wakitazama. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia ya nchi nzima kwa matablo karibu 100. Kwa ufundi wa velveti na satini, Millais anamshinda mara kumi. Lakini karani wa Likasi aliketi na familia yake, akala, akapokea wageni, chini ya ile fimbo. Na yule mwenye kushika fimbo alikuwa mweusi, mwenzao. Hawakujitoa ndani ya picha.

Uzito wa tablo ya historia ninaupima hapo: je, mwenye nyumba anaweza kukutana na jina lake ndani? Kwa kipimo hiki Yeames anabaki mkubwa nusu, Long anashangaza, Millais wa wana wa mfalme anaanguka.

Sisi wenye lisansi tuko pia tunajenga saloni, polepole, mishahara ikiruhusu. Naona zinajaa saa za dhahabu, maua ya plastiki, picha za miji ya Ulaya usiku. Ni ladha, siitukani. Lakini kuko wachoraji katika miji yetu wenye wanangoja mnunuzi, kama Haydon alivyongoja. Siku mutakwenda kwao, ombeni historia. Na mukiona ndani yake mkataji wa mawese, mchimbaji, ao mama mwenye gunia mgongoni, musiulize kwanza kama rangi zake zinaendana na viti.